Harusi Iko Katikati

Ujumbe uliingia karibu saa tano usiku, nikiwa nahangaika na sura ya pili ya tasnifu yangu. Ulitoka kwa binamu yangu aliyeko Shishiyu, wilaya ya Maswa. Huwa anaandika kwa kifupi kwa sababu simu ni ya mume na bando ni la kugawana. "Dada shikamoo. Simulizi nimeimaliza. Nzuri sana. Halafu ikawaje? Mama mkwe wake alikuwa mtu wa namna gani? Na yule Paa alienda wapi?"

Nilicheka. Kisha nikausoma tena, na safari ya pili sikucheka. Maswali yale hayakuwa na majibu popote, na wa kuyajibu nilikuwa mimi, maana simulizi yenyewe niliitunga mimi.

Mwaka wa kwanza wa masomo yangu ya uzamili hapa Dar es Salaam niliishiwa. Nikafanya kazi ambayo vijana wengi wenye kalamu na simu janja wanaifanya: nikaandika simulizi ya mapenzi kwa sehemu. Sehemu kumi za mwanzo niliziweka Facebook bure, kila moja ikikatika pale roho ya msomaji inapokuwa juu, na chini yake neno tunalolijua wote: ITAENDELEA. Kuanzia ya kumi na moja, aliyetaka kuendelea alituma shilingi elfu moja kwa simu, nami nikamwingiza kwenye kundi la WhatsApp. Zilikuwa sehemu 24. Nilipata kodi ya chumba ya miezi miwili na hela ya kutoa kopi za darasani. Sioni aibu juu ya kazi ile. Ninachokionea aibu ni namna nilivyoimaliza.

Kisa sikukibuni. Nilikitoa kwenye hadithi ya Sultani Darai, iliyomo katika Swahili Tales, kitabu cha ngano zilizosimuliwa Zanzibar ambacho mmisionari Edward Steere alikichapisha London mwaka 1870. Mimi nikaivalisha nguo za leo. Maskini Hamdani akawa Hamdu, dereva wa bodaboda wa Mwenge. Binti wa sultani akawa binti wa Mzee Darai, tajiri wa Mbezi Beach. Paa anayesema, yule anayemtoa Hamdani jalalani, nikamgeuza rafiki wa kijiweni aliyepewa jina la Paa kwa mbio zake. Paa ndiye aliyeuza simu yake ili Hamdu apate suti. Paa ndiye aliyekwenda kwa Mzee Darai kumsemea. Sehemu ya 24: ukumbi, gari jeupe, keki ya ngazi tano, bibi harusi analia kwa furaha. Wakaishi raha mustarehe. Mwisho. Kundi zima likajaa mioyo myekundu. Mara ya mwisho Paa kuonekana ilikuwa sehemu ya 19.

Mtu mmoja tu, kati ya wote walionilipa na niliowapa bure, ndiye aliyeuliza alikokwenda. Na huyo ndiye pekee ninayemfahamu kati yao ambaye mwaka ule ule aliolewa.

Hoja yangu ni moja, na nitaisema waziwazi ili anayetaka kunipinga ajue pa kupiga. Katika ngano za kale harusi haiko mwisho. Iko katikati. Baada yake huja nusu nyingine, nusu ya kulipana: nani alikubeba, na sasa unamfanyia nini. Simulizi za mapenzi za leo, pamoja na yangu, huikata nusu hiyo na kutuuzia nusu ya kwanza kana kwamba ni hadithi nzima. Na wale wanaotaka ngano zitupwe kwa madai kwamba zinawapumbaza wasichana, nao wanazihukumu kwa nusu hiyo hiyo iliyouzwa. Pande zote mbili zimekosea, na zimekosea pale pale.

Tuanze na Hamdani wa kweli. Katika ngano yenyewe ni fukara anayechakura jalalani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka. Kumbe paa anasema. Anajitafutia malisho mwenyewe, anaokota almasi, anaipeleka kwa Sultani Darai kama zawadi ya bwana wake, ambaye wakati huo hana hata nguo ya kujisitiri, na anarudi na ahadi ya mke. Kisha anatangulia peke yake, anamwua nyoka mwenye vichwa saba, na jumba la nyoka linakuwa la Hamdani. Mke amepatikana, nyumba ipo, mali ipo. Kama ni simulizi ya WhatsApp, hapo tumemaliza na mioyo imemwagwa.

Msimulizi wa Zanzibar hajamaliza. Paa anaugua. Anatuma habari kwa bwana wake kwamba hali yake si nzuri. Hamdani, ambaye sasa ni mtu mkubwa, anaamuru mgonjwa apikiwe uji wa mtama, chakula duni kuliko vyote katika nyumba ile. Hataki hata kwenda kumjulia hali. Mkewe anamsihi, anamkumbusha kwamba mnyama huyu ndiye aliyemleta alipo. Hamdani haoni sababu: kwake yeye paa ni kitu cha thumuni moja. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Mke anamwandikia baba yake barua. Sultani Darai anakuja na watu wake, paa anatolewa kisimani na kuzikwa kwa heshima, msiba unakaa. Halafu usiku mmoja mke anaota yuko kwao, anaamka na kujikuta kweli yuko kwao. Hamdani naye anaota anachakura jalalani, anaamka na kujikuta anachakura jalalani.

Hiyo ndiyo nusu niliyoikata. Tazama sasa kilichoondoka nayo. Katika nusu ya kwanza binti wa sultani ni mtu wa kuombwa kwa baba yake na kutolewa. Ni katika nusu ya pili ndipo anapopata kinywa. Anabishana na mumewe, anasimama upande wa mgonjwa, anaandika barua, na mwishowe anaondoka na heshima yake huku mume akirudi kwenye vumbi. Ngano ya mwaka 1870 ina mke mwenye kauli. Simulizi yangu, iliyotungwa na msichana anayesoma shahada ya pili, ina bibi harusi anayelia kwa furaha. Nilimnyang'anya mwanamke ulimi kisha nikaiita kazi hiyo ya kisasa.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Paa ana ndugu Ulaya: yule Paka wa Viatu, ambaye Mfaransa Charles Perrault alimwandika mwaka 1697. Naye ni mnyama anayemsemea bwana wake maskini kwa mfalme hadi anampatia binti na ngome ya jitu. Lakini kwa Perrault harusi ikishafanyika, paka anapewa ukubwa, anabaki kuwinda panya kwa kujifurahisha tu, na hadithi inafungwa. Swali la shukrani haliulizwi. Ukiziweka hadithi hizo mbili pamoja ndipo unapoona jinsi msimulizi wa pwani alivyokuwa mkali: alipofika pale ambapo mwenzake alilala, yeye ndipo alipoanza kazi.

Hata hivyo Perrault huyo huyo, katika kitabu hicho hicho, alijua kwamba ndoa ina ya kesho. Mrembo Aliyelala, katika maandishi yake, anaolewa na mwana wa mfalme na kuzaa watoto wawili, na hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu mama mkwe ni wa ukoo wa mazimwi na anataka kuwala wajukuu wake, kisha mkwe mwenyewe. Binamu yangu hajawahi kumsikia Perrault. Lakini swali lake kuhusu mama mkwe lilikuwa limeshajibiwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Disney walipotengeneza filamu yao mwaka 1959 walilifuta jibu hilo. Kadhalika Hans Christian Andersen, mwaka 1837, aliandika nguva mdogo anayeikosa ndoa na kugeuka povu la bahari kabla ya kuchukuliwa na viumbe wa hewani. Filamu ya Disney ya mwaka 1989 ikampa harusi. Mkasi ni ule ule.

Naomba nieleweke. Siwacheki wanaoipenda nusu ya kwanza. Mimi ni mmoja wao. Nimesoma simulizi hizi ndani ya daladala nikapitiliza kituo. Nimekaa na dada anayeuza chakula karibu na hosteli, ambaye akishaosha sufuria za mwisho huketi kwenye kigoda na kufungua simu, na kwa nusu saa hakuna anayeruhusiwa kumsemesha. Zile tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili huzijaza sebule za watu kila jioni kwa sababu hiyo hiyo. Ngano inasema jambo moja ambalo mtu mdogo halisikii mahali pengine: kwamba anayechakura jalalani anaweza kuonwa, na kwamba wako wakubwa ambao hawamjui leo na kesho watalitaja jina lake. Mapenzi katika simulizi ni namna rahisi ya kusema neno hilo. Kuchaguliwa na mtu mmoja kunasimama badala ya kuthaminiwa na dunia nzima. Anayeliona hilo ni upuuzi, basi hajawahi kupita mahali akawa haonekani.

Ndiyo maana sikukubaliana na mwenzangu wa darasani aliyesema kwenye semina kwamba ngano zote za wafalme na mabinti ziondolewe mashuleni kwa kuwa zinamfundisha msichana kukaa na kumsubiri mwanamume. Alikuwa na hoja, tena alikuwa na hasira ya haki. Nilimwuliza ni ngano ipi anayoizungumzia. Akataja filamu tatu na simulizi moja ya Facebook. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba hata mimi ninazo za kwangu huko Facebook. Lakini nilijua alichokuwa anakishitaki: nusu. Kuzitupa ngano kwa kosa la nusu hiyo ni kumzika mtu kwa kosa la picha yake.

Sasa turudi Shishiyu, maana huko ndiko nusu ya pili inakoacha kuwa mjadala wa semina.

Binamu yangu alimaliza kidato cha nne. Matokeo hayakuwa mazuri, na mwaka huo bei ya pamba nayo haikuwa nzuri. Akachumbiwa akiwa na miaka kumi na minane, ng'ombe wakahesabiwa, wazee wakaridhika. Siku ya harusi nilikuwepo. Jenereta lilinguruma, muziki ukapigwa hadi alfajiri, nikacheza hadi viatu vikanishinda. Nilimpiga picha akiwa amevaa gauni la kukodi kutoka Bariadi, nikaiweka kwenye status yangu, na chini yake nikaandika maneno yale yale: wakaishi raha mustarehe. Kesho yake asubuhi nikapanda basi la kurudi Dar es Salaam. Yeye akachukua ndoo, akaulizia kisima kiko wapi, kwa sababu kijiji kilikuwa kigeni kwake.

Kwa msichana wa kwetu harusi ndiyo siku anayohama. Anaingia katika nyumba ambayo sheria zake haziandikwi, ambamo mama mkwe ndiye anayegawa kazi na ndiye anayejua chumvi iwe kiasi gani. Na wengi huingia mapema kuliko yeye. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo Maswa na Bariadi zilikuwa ndani yake kabla ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Zaidi ya nusu. Kwa wasichana hao wote, hadithi inayoishia kwenye harusi imeishia kabla ya maisha yao kuanza. Tunawapa ramani ya kufika mlangoni, kisha tunaondoka na taa.

Mtu atasema: basi hayo ni mambo ya kufundishwa na mashangazi na somo, hadithi ziachwe zistareheshe. Nami nasema hapana, kwa sababu hadithi zilikuwa zikiifanya kazi hiyo, na nilikuwepo zikifanywa.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia kisa cha Masala Kulangwa. Kila Msukuma wa umri wangu aliyelelewa na bibi anakijua. Jitu Shing'weng'we limewameza watu wote na wanyama wote. Amebaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika rundo la makapi. Anajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina lenye maana ya mtu mwenye akili, anayeelewa upesi. Mtoto anakua, anamwuliza mama yake watu wengine wako wapi. Anaambiwa habari za jitu. Anakwenda porini, anarudi na panzi: mama, nimemwua Shing'weng'we. Mama anamwambia, mwanangu, huyo ni panzi tu. Siku nyingine anarudi na ndege. Huyo ni ndege tu. Sisi wajukuu, tukianika michembe uani, tulikuwa tunamjibia mama huyo kwa sauti moja na kuanguka kwa kicheko. Mwisho kijana anakutana na jitu lenyewe, analiua, analipasua mgongo, na watu wote wanatoka, baba yake akiwa miongoni mwao.

Hapo tulikuwa tunainuka. Jitu limekufa, watu wamepona, sisi tunataka kwenda kula. Bibi alikuwa anasema neno moja tu: "Bado." Tunakaa.

Maana kijana alipokuwa anapasua mgongo wa jitu, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani. Bibi huyo akatoka na hasira. Dunia nzima inashangilia, yeye anashika sikio lake. Akataka kumloga Masala Kulangwa. Watu wakamlinda kijana, uchawi haukumpata. Na baada ya hapo Masala Kulangwa hakuchukua panga. Alitafuta dawa, akamtibu yule bibi hadi akapona. Ndipo watu wakamkalisha kwenye kiti cha utemi, na mama yake akawa mama wa mtemi. Mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz wamekiweka kisa hiki, na sikio lake, katika kitabu chao cha mwaka 1996 kuhusu teolojia ya masimulizi ya Kiafrika, kwa hiyo asije mtu akasema bibi yangu aliongeza chumvi.

Sikiliza sasa kwa nini hilo si jambo dogo. Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Mara nyingi ushahidi umekuwa ni macho mekundu, macho ya mwanamke aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote katika jiko lisilo na dirisha. Katika mazingira hayo, kila jioni, wanawake wazee waliwakalisha watoto wa kiume na wa kike na kuwaambia: yule bibi kizee wa kwenye hadithi alikuwa mchawi kweli, alitaka kuloga kweli, na bado shujaa hakumwua. Alijiuliza ni jeraha gani amemtia. Kilichomfanya mtemi si kuua jitu. Ni dawa ya sikio.

Bibi yangu alikuwa na macho mekundu. Nilikuwa mtu mzima, niko chuoni, marehemu ana miaka mitatu kaburini, ndipo nilipoelewa kwa nini sehemu ya sikio alikuwa anaisimulia polepole kuliko zote.

Juzi juzi nilitazama kwenye simu video ya kijana mmoja akisimulia kisa hicho kwa muziki na picha za kuvutia. Jitu limepasuka, watu wametoka, na shujaa amepewa binti mrembo ambaye katika hadithi ya bibi hakuwepo kabisa. Sikio halikutajwa. Waliotazama walikuwa wengi, na nina hakika kijana alikusudia mema. Alifanya kile kile nilichofanya mimi kwa Paa. Panapokuwa na deni, sisi tunaweka harusi.

Najua nitakayoambiwa, na mengine nimeshajiambia mwenyewe.

La kwanza: watu wamechoka, wanataka kupumzika, si kuongezewa majonzi. Nakubali kwamba wamechoka. Lakini nani amesema nusu ya pili ni majonzi? Masala Kulangwa inaishia kwa kupona. Mke wa Hamdani anaamka kwao salama. Nusu ya pili haidai machozi, inadai hesabu. Na hesabu ikilipwa ina utamu wake, utamu ambao keki ya ngazi tano haiufikii, kwa sababu msomaji anajua kwamba safari hii hakuna aliyesahauliwa kisimani.

La pili: hadithi ni mali ya kila kizazi, kila mtu ana haki ya kuibadilisha. Hilo nalo nakubali, tena kwa mikono miwili. Mimi si mlinzi wa makumbusho. Alichokichapa Steere ni usimulizi mmoja tu kati ya mwingi. Mgeuze paa awe dereva wa bodaboda, mgeuze sultani awe mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hamishia jumba la nyoka Dodoma ukitaka. Badilisha kila kitu. Ila ukiliondoa swali la "nani anamlipa Paa," hujaibadilisha hadithi, umeihasi.

La tatu, na ndilo linalouma kwa mtu mwenye kodi ya kulipa: soko linataka harusi. Msomaji analipa elfu moja yake ili wapendanao waoane, hakulipia ugomvi wa uji wa mtama. Hili nililiamini hadi usiku ule wa ujumbe. Sisi watunzi wa simulizi tumejenga biashara nzima juu ya neno ITAENDELEA. Tunajua kuliko mtu yeyote kwamba binadamu hashibi kuuliza "halafu?" Ajabu ni kwamba tunapofika harusini, hapo ndipo tunapoacha kuliamini neno letu wenyewe. Tunamdhania msomaji kuwa mtoto wa kubembelezwa alale, kumbe wengine wako macho, wamekaa jikoni kwa watu, simu ya mume mkononi, wanasubiri sehemu ya 25.

Basi ninalowaomba wenzangu si kubwa. Andikeni mapenzi. Andikeni mabinti wa matajiri na vijana wa bodaboda, wapendane hadi mtandao ukatike. Wakioana, msiondoke. Kaeni nao angalau mwaka mmoja. Mwonyesheni mama mkwe, awe mwema au awe zimwi, lakini awepo. Mrudisheni rafiki aliyeuza simu yake. Na yule mliyemkata sikio mkiwa mnaharakia ushindi, mtafuteni, mwulizeni dawa yake ni ipi. Wanaotaka kuzitupa ngano nao nawaomba jambo moja: zisomeni hadi mwisho kwanza.

Wasimulizi wa pwani walikuwa na desturi ya kumaliza kwa kusema kwamba uzuri wa hadithi ni wa wote, na ubaya ni wa msimulizi peke yake. Nami ubaya wa ile ya kwangu naubeba. Niliandika sehemu sita zaidi, za 25 hadi 30, nikaziweka kwenye kundi bila malipo. Paa aliugua. Hamdu hakwenda hospitali kumwona. Mkewe akazungumza. Watu kadhaa walijitoa kwenye kundi, mmoja akadai nimemharibia harusi. Binamu yangu nilimtumia zote kwa pamoja usiku, wakati bando ni rahisi.

Alijibu baada ya siku nne. "Dada nimesoma. Ila huyo mke angeandika barua mapema."

Nilisoma jibu hilo mara nyingi kuliko maoni yoyote ambayo msimamizi wangu amewahi kuniandikia. Kesho yake nilinunua vocha, nikampigia saa ambayo mume huwa shambani, na hatukuzungumza habari za simulizi.